Baba Alisoma Hapo

Sentensi ya kwanza ya ombi langu la kwanza la uzamivu (PhD) Marekani ilimhusu baba. Nilieleza kwamba mimi ni binti wa mhitimu wa idara hiyohiyo, kwamba nimekua nikiitazama tasnifu yake kabatini, na kwamba natamani kufuata nyayo zake. Niliisoma kwa sauti sebuleni. Mama akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Baba akakohoa kidogo, akasema, "Hapo umewamaliza."

Hatukummaliza mtu.

Nasimulia haya kwa sababu kila ikifika Oktoba napokea ujumbe wa aina ileile. "Dada, mjomba wangu alisoma chuo fulani Marekani, nikimtaja nitapata?" Au, "Baba mkubwa anafundisha kulekule, si watanichukua?" Huwa najibu kwa mistari miwili mitatu, na najua majibu yangu huwaudhi watu. Leo nimepata nafasi ya kukaa chini, niseme yote pamoja na yale yaliyonitia aibu.

Baba aliondoka Dar es Salaam mwaka 1982 kwenda kusoma isimu, yaani sayansi ya lugha, kwenye chuo kikuu cha jimbo moja la katikati ya Marekani, mahali ambapo, kwa maneno yake, mahindi yanaanzia dirishani na kuishia mbinguni. Alirudi 1987 na udaktari, mashine ya kuchapa, na koti ambalo halikupata kazi tena. Hakusomeshwa na ukoo. Asubuhi alikuwa akiwafundisha Wamarekani Kiswahili, mchana anakaa darasani kama mwanafunzi, na idara ikamlipia ada kwa kazi hiyo. Tasnifu yake ya jalada jekundu ilisimama kabatini kati ya Biblia na vikombe vya wageni. Sisi watoto tulilijua jina la chuo kile kabla ya kulijua jina la mkuu wa mkoa wetu. Nikakua nikiamini kwamba kule tuna kwetu.

Na mjue nimelelewa wapi. Kwetu ukitafuta kazi, kiwanja, kitanda hospitalini au nafasi ya shule, swali la kwanza ni moja: unamjua nani? Tuna msamiati mzima wa jambo hilo. Kuna koneksheni, kuna kubebwa, kuna kuchomekwa, kuna "mtoto wa fulani". Mimi mwenyewe niliuonja upande wake mchungu. Uzamili nilisoma kwenye chuo alichokuwa akifundisha baba. Maombi yangu yalipofika kwenye kikao cha idara, alimwambia mwenyekiti kwamba huyu ni mwanangu, akatoka nje, akakaa kwenye benchi chini ya mwembe mpaka walipomaliza. Nilikuwa na GPA (wastani wa alama) ya 4.1 kati ya 5, daraja la pili la juu, sikuhitaji kubebwa na mtu. Lakini mpaka leo kuna niliosoma nao wanaoamini kwamba nilibebwa, na mmoja aliwahi kuniambia usoni, tukiwa tunakunywa chai, kwamba yeye angekuwa na baba kama wangu asingekesha maktaba.

Cha ajabu ni hiki. Jina la baba nililokuwa nalikwepa nyumbani, nilipoandikia Marekani nililivaa kama beji.

Kilichonitia moyo ni habari nilizosoma kuhusu vyuo vya kule na upendeleo wa watoto wa wahitimu. Habari zenyewe si uzushi. Katika kesi iliyofunguliwa dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard, ileile iliyoishia Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2023, takwimu zilizowekwa mezani zilionyesha kwamba takriban theluthi moja ya watoto wa wahitimu walioomba walikubaliwa, ilhali kwa waombaji wasio watoto wa wahitimu ilikuwa kama asilimia 6. Ni pengo la kutisha, na ndiyo maana majimbo kama Colorado, Virginia na California yameshapitisha sheria za kuuzuia upendeleo huo, kila moja kwa namna yake. Chuo cha MIT wao husema wazi kwamba hawautumii. Nilipoziona zile namba mwaka 2021, nikahesabu haraka haraka: theluthi moja! Nikachagua vyuo viwili tu, cha baba na kingine cha kuzugia.

Kosa langu lilikuwa kwenye neno moja ambalo sikulisoma vizuri. Zile zote ni habari za shahada ya kwanza. Shahada ya kwanza inaamuliwa na ofisi kuu ya udahili, inayopokea maombi kwa maelfu, na chuo kinatazama mambo mengi yasiyohusu masomo: nani atalipa ada kamili, ukoo gani ni mwaminifu, nani kesho atachangia jengo. Uzamivu hauendi hivyo. Ombi lako linakwenda idarani. Linasomwa na maprofesa wachache, wale wale watakaokaa na wewe miaka mitano au sita. Wakikuchukua, kwa kawaida wanakulipia ada, bima ya afya, na posho ya kila mwezi. Kwa hiyo hawaulizi wewe ni mtoto wa nani. Wanaulizana mezani: huyu atafanya nini, nani kati yetu atamsimamia, na je, ataimaliza? Hakuna profesa atakayekubali kukubeba miaka mitano kwa sababu baba yako alipita pale mwaka 1987. (Baba, kwa upande wake, hajawahi kuchangia chuo kile hata senti. Waliwahi kumtumia barua ya kuomba mchango. Aliisoma, akacheka, akaitumia kualamisha ukurasa wa kitabu.)

Nilifanya makosa mengine matatu katika mzunguko ule wa maombi, na yote yalizaliwa na imani hiyohiyo.

La kwanza, barua. Kwa kawaida wanataka barua tatu za mapendekezo. Ya tatu nilimwomba rafiki wa baba, profesa mstaafu wa idara ileile, mzee wa miaka themanini na kitu. Alikubali kwa furaha. Baadaye akampigia baba na kumsimulia alichoandika: kwamba alikuja Dar es Salaam mwaka 1996, akala chakula nyumbani kwetu, na kwamba nilikuwa mtoto wa miaka minne mchangamfu niliyemwimbia wimbo mezani. Baba alinisimulia huku akicheka kwa raha. Mimi nilihisi ubaridi tumboni. Barua moja kati ya tatu ilikuwa inathibitisha kwamba nilikuwa naimba vizuri chekechea.

La pili, nilimwandikia mstaafu huyohuyo kumwomba "anisemee". Jibu lake lilikuwa la upole na ningelielewa kama ningetaka. Alisema anamkumbuka sana baba, lakini yeye hayumo kwenye kamati, hasimamii wanafunzi tena, na hata ofisi yake amepewa mwingine. Akaongeza kwamba aliyekuwa akishughulikia lugha za Kibantu pale alihamia kwingine na hajapata mrithi. Ile sentensi ya mwisho ndiyo ilikuwa jibu la ombi langu lote, miezi mitatu kabla ya kukataliwa. Niliiruka. Nilisoma tu pale aliposema anamkumbuka baba.

La tatu, fomu. Kulikuwa na swali: je, una ndugu aliyesoma chuo hiki? Nikajaza jina la baba, mwaka, na idara, moyo ukidunda. Sasa hivi niko upande huu na nimeuliza. Niliambiwa kwamba swali kama lile mara nyingi ni la ofisi ya wahitimu, kwa kumbukumbu zao, na walimu wanaosoma maombi hata hawalioni. Kumbe kwenye fomu hiyohiyo palikuwa na kisanduku muhimu mara kumi zaidi nilichokijaza ovyo: GPA. Niliandika 4.1 nikaacha kutaja kwamba ni kati ya 5. Kule hesabu yao inaishia 4. Sijui aliyesoma alifikiri nini, lakini namba inayozidi kilele haimfanyi mtu aonekane makini. Andika alama zako kama zilivyo, na kipimo chake, na usijigeuzie mwenyewe kwenda kwenye kipimo chao.

Ada ya maombi ilikuwa dola 90 kwa chuo cha baba na 75 kwa kile kingine. Kwa bei ya dola ya Desemba ile ni karibu laki tatu na themanini. Mtihani wa Kiingereza nilifanya wa Duolingo kwa mtandao, dola 49, sebuleni, nikiwa nimewafungia wadogo zangu nje ili kamera isisikie sauti zao.

Jibu la chuo cha baba lilikuja Februari 2022, mistari minne. Nilikuwa kwenye daladala, Mwenge. Nilishuka kituo ambacho si changu nikatembea. Yale ya kile chuo kingine hata siyakumbuki vizuri. Kilichoniuma ni kwamba kila jioni baba alikuwa akiuliza, "Bado?" na mimi nikajibu "Bado" siku tisa mfululizo. Siku ya kumi nikamwambia. Alinyamaza kwa muda, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza: "Uliwaandikia unataka kuchunguza nini?"

Nikamjibu kwa ujumla ujumla. Mofolojia ya Kibantu, yaani maumbo ya maneno.

"Hiyo ni rafu ya maktaba," alisema. "Si swali."

Usiku ule ndipo aliponisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyopata. Miaka yote nilidhani kuna mtu alimshika mkono. Ni kweli alikuwepo mtu: profesa kutoka kule alikuja kufundisha Dar es Salaam kwa mwaka mmoja, baba akiwa mwanafunzi wake. Baba aliandika karatasi ya semina kuhusu vitenzi vya Kihaya, profesa akairudisha imejaa wino mwekundu pembezoni, baba akaiandika upya, ikarudi tena imejaa wino. Mara nne. Mwisho wa mwaka yule bwana akamwambia aombe. "Kwa hiyo koneksheni nilikuwa nayo," baba akasema, "ila ilinichukua karatasi nne."

Mzunguko wa pili niliuanza Juni badala ya Novemba. Nitasema zaidi juu ya swali, kwa sababu ndilo lililonifikisha.

Bibi yangu mzaa baba anaishi Kamachumu, mkoani Kagera. Nilikwenda kumsalimia Julai ile nikiwa bado nimechoka moyo. Bibi haongei nasi Kiswahili ila akikasirika. Siku moja alikuwa akimlaumu jirani kwa kitu alichoazimwa na kukichelewesha, na kwenye kitenzi kimoja nikasikia ameingiza kila kitu: aliyepewa na alichopewa, vyote viwili vimebanwa mle ndani. Kiswahili hakikubali hivyo. Tunasema "alinipa", na kitabu kinabaki nje, "alikinipa" hakuna. Kihaya, lugha ya bibi, kinaruhusu. Hilo wanaisimu wanalijua siku nyingi, si ugunduzi wangu. Lakini niliposikiliza zaidi nikaona bibi na binamu zangu wa mjini hawavipangi viambishi hivyo namna moja, na wakati mwingine binamu walikikwepa kimoja kabisa, kama Waswahili. Nikamwomba bibi anirudie. Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili, akarudia, akaongeza maneno mengine ambayo sikuyaweka kwenye data.

Niliondoka Kamachumu na saa sita za sauti kwenye simu, na swali ambalo ningeweza kulieleza kwa pumzi moja.

Insha ya ombi langu la pili ilianzia hapo, kwa bibi na jirani yake. Baba hakutajwa. Nilitafuta makala za watu wanaoshughulikia viambishi vya yambwa, vile vya aliyepewa na alichopewa, katika Kibantu, nikazisoma kweli, si muhtasari tu. Kisha Agosti na Septemba nikawaandikia maprofesa saba barua pepe fupi: mimi ni nani kwa mstari mmoja, swali langu kwa mistari mitatu, kitu kimoja nilichokiona kwenye makala yao, na kuuliza kama mwaka huo wanachukua wanafunzi. Watatu walijibu. Mmoja alisema mwaka huo hachukui mtu, na kwa jibu hilo aliniokolea dola 90. Tafadhali, usiwaandikie kwa "Dear Sir" na kiambatisho cha cheti cha kidato cha nne. Mimi naziona hizo barua sasa, msimamizi wangu huzipata kwa wingi, na nasikitika kusema nyingine zinatoka kwetu.

Barua za mapendekezo ziligeuka kuwa kazi ngumu kuliko insha. Msimamizi wangu wa uzamili alikubali mara moja. Mwalimu mwingine akaniambia lile neno ambalo wengi mnalijua: "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Usikubali, na pia usigombane. Nilimpelekea ukurasa mmoja wa kumkumbusha: kozi alizonifundisha, mada ya karatasi yangu, alama, na tukio moja la darasani ambalo tulibishana. Akaandika mwenyewe, na nadhani aliandika vizuri. Wa tatu alikuwa mtu niliyemfanyia kazi ya kunukuu rekodi za masimulizi kwa miezi minane. Hana jina kubwa, hajawahi kula chakula kwetu, lakini aliniona nikifanya kazi. Halafu fuatilia kiungo cha kupakia barua: mara nyingi kinaangukia kwenye barua taka, na baadhi ya vyuo hawapendi anwani binafsi za mwalimu, wanataka ya chuo. Nilipiga simu mara tano, nikaenda ofisini mara mbili, na mara moja nilikaa pembeni ya mwalimu nikimshikia simu ipate mtandao huku akipakia.

Niliomba vyuo vitano. Viwili viliniondolea ada ya maombi baada ya kumwandikia mratibu wa idara kabla ya kutuma. Kuomba msamaha huo ni bure, na hakukupunguzii alama. Nakala za matokeo nilizipakia kwanza mwenyewe. Zile rasmi zilizofungwa kwa lakiri vyuo vingi wanazitaka ukishakubaliwa, kwa hiyo usitumie fedha za DHL mapema.

Chuo cha baba hakikuwemo kati ya vile vitano. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo magumu kuliko yote. Nilimweleza kwamba pale hakuna tena wa kunisimamia. Alisema anaelewa. Kesho yake nikaikuta tasnifu yake imetolewa kabatini, iko mezani, amefungua ukurasa wa shukrani. Hatukusema kitu. Jioni ilikuwa imerudi mahali pake.

Vyuo viwili vilinikubali, kimoja kikinilipia kila kitu kwa kazi ya kufundisha Kiswahili, kama baba. Walinipa mpaka Aprili 15 kujibu. Hiyo ni tarehe ambayo vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana, kwa wanaopewa ufadhili, kwa hiyo usikubali kuharakishwa. Halafu kuna gharama ambazo hazimo kwenye neno "ufadhili kamili". Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, ilikuwa dola 350, viza dola 185, jumla kama milioni moja na laki tatu kwa bei ya Julai 2023. Tiketi yangu mwenyewe. Amana ya chumba. Na posho ya kwanza iliingia mwisho wa Septemba wakati mimi nilifika katikati ya Agosti. Nilivuka wiki zile sita kwa mkopo wa kikoba cha mama, na niliumaliza Machi.

Sasa nisije nikadanganya kwa upande wa pili, nikasema familia haina maana. Nilikuwa na nyumba yenye kompyuta na mtu anayejua tasnifu ni kitu gani. Nilikuwa na baba aliyeweza kusoma insha yangu na kuniambia kwamba ni rafu ya maktaba. Nilikuwa na bibi. Rafiki yangu niliyesoma naye uzamili, mwenye akili kunishinda, mtoto wa mvuvi wa Kilwa, hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba profesa anaweza kuandikiwa. Alidhani ni utovu wa adabu. Hiyo nayo ni koneksheni, ila haina kisanduku kwenye fomu. Ndiyo maana nikiandikiwa Oktoba huwa nauliza kwanza: umeshamwandikia nani?

Kwa wanaoomba shahada za biashara, mambo hutofautiana kidogo, kwani baadhi ya vyuo hupokea neno la mhitimu anayekujua kikazi. Anayekujua kikazi, nimesema. Na kama ndugu yako anafundisha kwenye idara ileile unayoiomba, tegemea kwamba atatakiwa kutoka nje ya kikao, kama baba na mwembe wake, na hataweza kukusimamia. Mara nyingine umempoteza msimamizi wako bora.

Mwezi uliopita baba mdogo alinipigia kutoka Bukoba. Mwanawe amemaliza uhandisi wa maji, anataka kuja.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Sasa wewe si uko ndani? Mvute mdogo wako."

Nikamwambia anitumie ile insha ya kurasa mbili, nitaisoma neno kwa neno.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, baba mdogo."

Simu ikawa kimya kidogo. Nikasikia kuku kwa nyuma. "Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa dukani.

Insha imefika juzi usiku. Inaanza hivi: "Dada yangu ni mwanafunzi wa uzamivu nchini Marekani, na baba yetu mkubwa pia alisoma huko miaka ya 1980." Nimeifuta aya nzima. Ukurasa wa pili, katikati, ametaja kwa kupita tu kisima cha kijiji kimoja huko Muleba ambacho walikipima mara tatu na majibu hayakufanana. Pembeni nimemwandikia: hiki kisima kina nini?